Kitambaa cha Shangazi Juu ya Kompyuta

Mwanangu, jana uliponiambia unataka kuiongezea kompyuta yako mwendo, nilicheka mbele yako, lakini ulipoondoka roho haikutulia. Imenirudia siku moja ya kiangazi hapa Mvara, naikumbuka mpaka harufu ya moshi wa jenereta.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi na kaka yangu Lemi tulikuwa na chumba cha kupiga chapa, na kompyuta moja tu. Shangazi Poni, dada ya baba yetu, akaja kutoka Koboko ili niandike nyimbo za Kikakwa ambazo wanawake waliimba ukimbizini Kongo baada ya vita vya 1979. Hazikuwa zimeandikwa popote, zilikuwa kichwani mwake tu. Kifua kilimsumbua, na kila alipokohoa niliogopa kwamba wimbo fulani utaondoka naye. Alikaa karibu nami akifuma kitambaa, anaimba, mimi naandika. Kuongea tuliongea Kiswahili, maana yeye alikuwa mjane wa askari na alikipenda kile cha kambi za jeshi.

Shida ni kwamba kompyuta ilikuwa nzito. Herufi zilitokea nyuma ya vidole vyangu, na Shangazi hakuwa mtu wa kusimama katikati ya wimbo. Lemi, aliyesomea ufundi Kampala, akasema ataongeza mwendo wa prosesa. Nikamwambia akiiua mashine ile nitamshtaki kwa Shangazi. Alicheka, lakini kazi aliifanya kwa adabu. Kwanza alinakili nyimbo zote kwenye disketi. Akachora kwenye karatasi mahali vilipokaa vile vikofia vidogo vya plastiki vinavyopanga mwendo, juu ya pini za bodi, ndipo akavihamisha hatua moja tu, kama kitabu cha bodi kilivyoruhusu. Umeme unaoingia kwenye prosesa hakuugusa. Memori nayo, kwa kuwa sasa ilisukumwa pamoja na prosesa, akaipangia isubiri kidogo zaidi. Alisema prosesa ikizidiwa, kompyuta inaganda nawe unaona, lakini memori ikizidiwa inaweza kubadilisha herufi kimyakimya. Maneno hayo yalinitisha kuliko yote. Halafu akaiacha ifanye kazi mfululizo mchana, jua likichoma mabati, siyo asubuhi yenye ubaridi. Ilivumilia. Herufi zikaanza kufuatana na vidole, nami nikamsamehe.

Siku iliyofuata Lemi alikwenda Aroi kutengeneza redio ya mtu, na siku hiyohiyo Shangazi akamaliza kitambaa chake. Unazijua nyumba zetu: redio ina kitambaa, kiti kina kitambaa, hata chupa ya chai inacho. Akasimama, akakitandaza juu ya sanduku la kompyuta, cheupe chenye maua ya kijani.

"Sasa iko kama bibi arusi," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kilining'inia nyuma kikaziba matundu ya hewa. Mbele kikafunika mahali pa kuingizia disketi.

Ningemwambiaje, mwanangu? Mgonjwa yule, dada ya baba yangu, siku zote zile alikuwa anaifumia mashine inayobeba nyimbo zake! Nikapiga goti, nikasema asante. Akaanza wimbo ambao mama yake aliuimba siku walipovuka mpaka.

Joto likazidi. Feni ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Nikapitisha mkono nyuma ya sanduku kwa siri, hewa ilikuwa ya moto kabisa. Diski ya ndani ilikuwa imejaa, kwa hiyo kuhifadhi ilikuwa ni kwenye disketi tu, na kuingiza disketi lazima ninyanyue kitambaa. Nikajiambia wimbo ukiisha nitanyanyua. Jasho linanitoka, mikono inaandika, masikio yako kwenye feni. Mara nikaona katika mstari wa juu neno lenye herufi ambayo sikuipiga mimi. Kabla sijamaliza kuogopa, skrini ikaganda.

"Imelala?" Shangazi akauliza.

Nililia palepale kama mtoto.

"Shangazi, hii kompyuta iko na joto mingi. Lemi aliongeza yake mbio, inataka hewa. Hii kitambaa imefunga yeye pua."

"Tangu saa gani wewe unajua?"

"Tangu uliweka."

"Na ulinyamaza?"

"Niliogopa roho yako itauma."

Akakinyanyua mwenyewe, akakikunja polepole. "Kitambaa ni yangu, mimi natoa. Lakini mudomo ni yako. Hiyo nani atafungua?"

Nyimbo nyingine zilikuwa salama kwenye disketi. Ule wa siku ile, uliopotea skrini ilipoganda, alijaribu kuuimba tena jioni, kikohozi kikamkatiza kwenye ubeti wa tatu, ule wa mama na mtoto mgongoni, akauruka akaimba wa nne. Akasema wa tatu atanimalizia akija tena. Hakuja tena. Tulimzika Koboko kabla ya mvua.

Sikukatazi, mwanangu. Ongeza, lakini nakili kazi yako kwanza, na uandike namba za zamani ili ujue njia ya kurudi. Panda hatua moja, ijaribu saa ya joto kali, kisha ndipo ufikirie nyingine. Prosesa na memori, ambazo siku hizi kila moja ina mwendo wake, usizisukume siku moja, maana zikigoma hutajua ya kulaumu ni ipi. Umeme wake usiuguse kwa kubahatisha. Feni ifutie vumbi letu hili jekundu. Na ukiisikia inalia, sema, hata kama aliyeketi mbele yako ni mama mkwe. Shangazi angenuna kidogo tu, halafu angeendelea kuimba.

Kitambaa chenyewe kiko kwenye kiti changu, kila siku unakiegemea. Katika kijitabu tulichochapa cha nyimbo zile, Lemi aliacha nafasi tupu baada ya ubeti wa pili. Wanawake wa Koboko wakifika hapo wanapiga makofi tu, bila maneno, mpaka ubeti wa nne. Mungu akupe mikono isiyo na haraka, mwanangu, na mdomo usiochelewa kama wangu.