Duka Lililohamishiwa Bwawani

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mkasi alishona nguo katika chumba kimoja chenye vyerehani viwili, wala hakuhitaji ramani. Mteja aliuliza njia, akaelekezwa, akafika. Kisha wifi yake, mke wa kaka yake, aliyefundishwa kushona naye mwenyewe, akafungua duka mtaa wa pili. Watu wakaanza kufika wameinamia simu.

"Samahani, hapa ndipo kwa yule dada mwenye nyota tano?" mmoja aliuliza.

"Hapa ni kwa mwalimu wake," alijibu Mama Mkasi, na roho ikamuuma siku nzima.

Tangu hapo akawa mwanafunzi wa ramani. Aliweka tatu kwenye simu. Ya kwanza, ya kampuni kubwa inayoishi kwa matangazo, ilijua kila duka na saa zake za kufungua. Humo wifi alikuwa na picha kumi na nne. Yeye alikuwa na nyota tatu na maoni ya mtu mmoja tu, shangazi yake: "Anashona vizuri, ila mkali." Ya pili ilikuwa ya kampuni inayouza simu zenyewe. Ilipendeza macho, lakini mtaani kwao haikuonyesha duka hata moja. Hiyo aliipenda kidogo, maana humo walikuwa sawa.

Ya tatu haikuwa ya kampuni. Ilichorwa na watu wa kujitolea, ilidonoa bando la intaneti kidogo tu, na aliyejiandikisha aliruhusiwa kuirekebisha. Akajiandikisha. Ndiyo aliyoitumia mwalimu mkuu wa shule ya mlimani, ambaye alikuwa amesema: "Alhamisi nitapitia maduka yenu yote mawili, nichague wa kushona sare za shule nzima."

Alhamisi asubuhi wifi alikuja kumpigia pasi mapazia ya mteja, kwa kuwa mgongo wa Mama Mkasi ulikuwa unamsumbua.

"Wifi, mwalimu akikuchagua wewe, vifungo niachie mimi," alisema wifi, amempa mgongo.

"Na akikuchagua wewe?"

"Utakuja kunisaidia, au utaninunia?" Akacheka.

Shetani akavuta kiti. Mama Mkasi akaishika alama ya duka la wifi kwa kidole gumba, akaiburuta kutoka mtaa wa pili hadi ukingoni mwa bwawa, akabonyeza "hifadhi".

Alasiri mwalimu mkuu aliingia, viatu vimejaa tope.

"Nimezunguka bwawa mara mbili! Nimempigia huyo wifi yako, naye anashangaa kama mimi. Fundi asiyejua duka lake liko wapi atajuaje kipimo cha mtoto? Basi, sare utashona wewe."

Kabla Mama Mkasi hajajibu, wifi alikuwa mlangoni, anahema. Aliiweka simu juu ya meza ya kukatia, kioo kikiwa kimemwelekea Mama Mkasi peke yake. Ramani ile ilitunza kumbukumbu ya kila aliyeigusa. Iliandika: Mama Mkasi, leo, saa nne na dakika kumi na mbili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi alinong'ona. "Saa hiyo nilikuwa nakupigia pasi."

"Kuna nini?" aliuliza mwalimu mkuu.

Wifi akatazama sakafu, akanyamaza. Kunyamaza kule kulimchoma Mama Mkasi kuliko matusi. Angeweza kusema, lakini alikuwa anamsitiri. Hata kwa adabu alikuwa amemzidi!

"Duka halikuhama, mwalimu," Mama Mkasi alisema. "Nimelihamisha mimi. Twende nikupeleke."

Walikwenda watatu. Mwalimu mkuu na wifi wakaingia dukani. Mama Mkasi akabaki nje, akairudisha alama mlangoni pale aliposimama. Ndani mwalimu mkuu alisikika akisifu mshono, na kila sifa ilimpata kama sindano.

Ramani ikamtaka aeleze sababu ya badiliko. Akaandika, "Makosa madogo." Akafuta. Akaandika, "Wivu," akahifadhi kwa jina lake.