Hamu ya baga ilivyomshika mama akiwa kwenye eda, Dodoma ya miaka ya tisini

Wakuu, salaam kwenu, na shikamoo kwa mnaostahili.

Jana humu nimepita kwenye uzi wa vijana wanabishana baga ya wapi ni tamu Dodoma. Nikacheka na comments zenu. Halafu nikajikuta nimeweka simu mezani, machozi yananitoka, niko jikoni kwangu peke yangu.

Nikaona na mimi niandike. Haya ni ya nyumbani kwetu, sijatia chumvi. Anayedhani ni chai avute kiti anywe, mimi nitaendelea.

Mimi ni mwanamke, mtu mzima, wajukuu ninao. Naandika kwa simu polepole, makosa ya herufi mtanivumilia.

Baba yangu alikuwa dereva wa serikali. Mnaoikumbuka Dodoma ya miaka ya tisini mnajua hali ilivyokuwa. Makao makuu yalikuwa Dodoma kwa jina, ofisi karibu zote ziko Dar. Kwa hiyo mafaili yalikuwa yanasafiri kuliko mabosi. Kazi ya baba ilikuwa hiyo, kupakia mafaili kwenye Landrova, kuyapeleka Dar na kurudi na mengine.

Tulikaa Kikuyu. Asili yetu ni Kondoa, Warangi, Waislamu.

Enzi zile ndiyo ruksa ya biashara imepamba moto. Madukani ambako tulizoea kukuta rafu tupu, ghafla kuna kila kitu, sabuni za kila rangi, mitumba, redio kubwa kubwa. Huko Dar nako yakafunguliwa maduka ya vyakula vya haraka, yale yenye picha za chakula ukutani zinawaka taa kwa nyuma. Siku moja baba akaingia huko na dereva mwenzake, Baba Neema, Mgogo mmoja mpole sana wa Miyuji. Wakala baga. Baba alipomaliza akasema hii lazima mama Zena aonje.

Zena ndiyo mimi.

Sasa Dar mpaka Dodoma kwa barabara ya wakati ule haikuwa safari ya mchezo. Baba aliifunga baga kwenye gazeti akaiweka pembeni ya gia, pale kwenye bati panapopata joto la injini. Ilifika nyumbani jioni, mkate umelala, majani yamekuwa mlenda, na nyama inanuka dizeli kwa mbali.

Mama akaitazama. "Baba Zena, hiki kitu gani?"

"Baga. Kula."

Mama akayatoa yale majani, akateleka kikaango kwenye jiko la mkaa, samli kidogo, akaigeuza huku na huku mpaka mkate ukakauka pembeni. Akakaa kwenye kigoda, akala. Baba kasimama mlangoni anamwangalia.

"Vipi?"

"Imechacha," mama akasema. Na akaimaliza yote.

Kuanzia hapo kila safari ya Dar lazima baga ije, na kila ikija lazima iwe imechacha. Baba alikuwa akisikia hilo neno anacheka mpaka anakohoa. Sisi watoto tulipewa chipsi zilizolala, ila ile baga hakuna aliyethubutu kuiomba. Wazazi wetu hawakuwa watu wa kushikana mikono barabarani, wakuu. Mapenzi yao yalikuwa hayo.

Baba alianguka Morogoro akiwa njiani kwenda Dar. Presha. Wakamkimbiza hospitali, hakuamka tena.

Mwili uliletwa alasiri. Akaoshwa, akasaliwa, na jua halijazama alishazikwa. Mama alifunuliwa uso wa baba mara moja tu, ndani watu wamejaa, kisha akaondolewa. Na kwetu wanawake hatuendi makaburini. Tulibaki ndani tukisikia sauti za wanaume zikipotelea barabarani na jeneza lao.

Mama hakulia. Watu wakamsifu kwamba ana subira.

Ikaanza eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajipaki manukato, na wanaume wasio maharimu zake, yaani wale anaoweza kuolewa nao, hawakutani naye. Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka Kondoa kukaa naye. Mwanamke mkali huyo, hata kuku wa jirani walikuwa wanamjua.

Tatizo likawa kula. Wali mama anauchungulia tu. Ugali wa uwele na mlenda, ambao alikuwa akiula mpaka analamba vidole, anaisukuma sahani. Uji anachukua vijiko viwili vitatu, anasema ameshiba. Mashavu yakaingia ndani. Jirani yetu mmoja nesi alikuja kumwona, akanivuta pembeni. "Dada, mama yako asipokula tutamzika na yeye."

Mimi ndiye mkubwa, wadogo zangu bado wako shule. Usingizi ukanipaa.

Basi siku moja mchana namlazimisha uji, akanishika mkono.

"Mwanangu, nina hamu ya baga."

Nilidhani nimesikia vibaya. Shangazi aliyekuwa anachambua mchele akasikia vizuri sana.

"Wifi! Umefiwa au uko harusini? Mdogo wangu hata udongo haujamkaukia, wewe unataka vya hotelini? Watu watasemaje?"

Mama akajifunika kanga usoni, akageukia ukutani.

Hasira niliyokuwa nayo kwa shangazi siku ile naikumbuka mpaka leo. Nikatoka kwenda kumuuliza ustadhi wa madrasa ya mtaani, mjane kwenye eda anakatazwa kula nini? Akanishangaa. "Hakatazwi chakula cha halali. Mpe chochote anachoweza kumeza." Nikarudi nimelibeba jibu kama bendera. Shangazi akanuna, ila akanyamaza.

Kazi ikawa baga yenyewe. Dodoma ile si hii yenu ya kubonyeza simu na bodaboda akagonga geti. Tulikuwa na chipsi mayai na mishikaki, basi. Bahati ilikuwa Bunge la bajeti linakaa, mji umefurika wageni, na mahoteli wakati wa Bunge yalikuwa yanapika vitu ambavyo mwaka mzima huvioni. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na stesheni, na jirani yetu pale ilikuwa hoteli moja ya hadhi hiyo. Nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Mpishi akasema baga anaijua. Nikamuuliza kama nyama ni halali.

"Dada, mimi mwenyewe naitwa Ramadhani. Nikupikie haramu kwa faida gani?"

Akanitengenezea, wakuu. Mkate laini, nyama inatiririka mchuzi, kitunguu, nyanya, jibini limeyeyuka. Nikaiweka kwenye hotpot, nikapanda baiskeli, upepo wa Dodoma wa mwezi ule unanipiga vumbi la uso, mimi nakanyaga tu. Ilifika inatoa moshi.

Mama alikaa vizuri mkekani. Alitabasamu hata. Akasema bismillahi, akauma. Akatafuna, akatafuna. Kisha akairudisha kwenye sahani.

"Mungu akubariki mwanangu. Lakini siyo hii."

Nikajaribu kumbembeleza. Akauma tena, uso ukawa wa mtu anayemeza dawa. "Nzuri. Ila siyo."

Mnajua nani aliimaliza ile baga? Shangazi Mwajuma. Alisema ni dhambi kutupa chakula, na alipomaliza akauliza kama hoteli ile inapika kila siku. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu msiba.

Lakini kicheko hakikufika mbali. Usiku ule mama hakula kitu. Kesho yake nikanunua nyama ya kusaga na skonzi, nikapika mwenyewe. Siyo. Nikarudi kwa Ramadhani, nikamwambia apunguze hiki, aongeze kile. Siyo. Nikaanza kumkasirikia mama kimoyomoyo, naona kama ananichezea, na huku kila siku anazidi kuisha mbele ya macho yangu.

Nilikuja kuelewa nikiwa kazini. Nilikuwa nakula sambusa ya asubuhi iliyofungwa kwenye gazeti, imelala, wino umeingia kwenye mafuta. Nikasimama katikati ya kutafuna.

Mama hajawahi kula baga ya moto iliyotoka jikoni. Hajui ladha yake. Baga anayoijua ni ile iliyokaa kwenye gari kutwa nzima.

Nikafunga duka mapema, nikaenda Miyuji kwa Baba Neema. Nilimkuta anapunguza michongoma ya ua wake. Nikamweleza yote. Alikaa kwenye kizingiti, mkasi bado uko mkononi.

"Mimi ndiye nilikuwa namngoja garini akiingia kununua," akasema. "Nilikuwa namtania, wewe mke wako atakumalizia mshahara kwa baga. Wiki hii nakwenda Dar, binti yangu. Mwambie shemeji asubiri."

Sikumwambia mama. Niliogopa isije ikashindikana.

Jumamosi jioni nikasikia hodi. Baba Neema, vumbi la safari mwili mzima, hakuwa amepita hata kwake. Kwa kuwa mama yuko kwenye eda, aliishia barazani, mama yuko ndani nyuma ya pazia.

"Shemeji, pole sana na upweke," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuletea mzigo wako. Nimeuweka palepale alipokuwa anauweka mwenzangu."

Akanipa kifurushi cha gazeti, akageuka upesi. Niliona mabega yake yanatikisika akielekea garini.

Mama alikinusa kile kifurushi kabla hajakifungua. Akainuka. Wakuu, mtu aliyekuwa anashikwa mkono kwenda msalani aliinuka mwenyewe, akaenda jikoni, akateleka kikaango. Akayatoa majani. Samli kidogo. Akaigeuza mpaka mkate ukakauka pembeni. Mimi na shangazi tumesimama kama wanafunzi, hakuna anayethubutu kumsaidia.

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kula. Alikula taratibu, bila kuinua macho, mpaka ikaisha yote. Akakusanya na makombo kwenye gazeti, akala na makombo.

Shangazi akanibana mkono kwa furaha. "Alhamdulillahi," akanong'ona. Mimi moyoni nilikuwa naruka, nimempata mama yangu.

Mama akakaa vile, mikono magotini.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Haina tofauti hata kidogo."

Akatazama mlangoni. Pale mlangoni hapakuwa na mtu.

"Kumbe inafika hata yeye akiwa hayupo."

Ndipo akalia. Kilio ambacho hakulia siku ile ya jeneza kilitoka pale jikoni. Alianguka kutoka kwenye kigoda mpaka sakafuni, analiita jina la baba, jina lake lenyewe ambalo sijawahi kumsikia akilitaja. Shangazi akakaa chini palepale kwenye majivu akamkumbatia, na yeye akaanza kulia. Ndipo nikakumbuka kwamba huyu shangazi niliyemkasirikia alifiwa na mdogo wake, na tangu aje kwetu hakuna aliyempa pole ya maana. Hasira zangu kwake ziliishia hapo. Nikawaacha walie.

Kumbe kwa mama, baba alikuwa bado safarini. Alimuaga akienda Dar, na mwanaume akienda Dar hurudi. Hakuona kaburi, hakuona akifukiwa. Ile hamu yote ya baga ilikuwa ni kumsubiri mumewe.

Kesho yake asubuhi aliomba uji, akamaliza bakuli. Mchana akala ugali na mlenda. Nesi akafurahi, majirani wakafurahi, afya ikarudi. Alimaliza eda yake salama na akaishi miaka mingi baada ya hapo.

Ila hakutamka tena neno baga. Wajukuu walikuja kumletea za kila aina, akawa anawapa watoto wa jirani. Na ule utani wake, ule wa kumwambia mtu chakula kimechacha huku anakimaliza, sikuusikia tena mpaka alipotuacha.

Nilichojifunza? Nilijifunza kwamba mfiwa asipolia usimsifu haraka, mkae karibu. Nilijifunza pia kwamba chakula unachokitamani sana mara nyingi kina mtu ndani yake.

Lakini kuna jambo mpaka leo silijui, na ndilo limenifanya niandike. Mimi nilidhani nampelekea mama chakula, kumbe mimi ndiye niliyempelekea habari ya msiba. Nilimrudishia afya yake, na jioni ileile nikamuondolea mumewe.

Mliowahi kuuguza mjane, niambieni bila kunionea haya. Nilifanya vizuri, au ningemwacha aendelee kumsubiri?