Santuri ya Babu

Juzi niliona kwenye simu filamu ya zamani ya mpiga piano wa jazi, akiimba na kuchekesha watu huku vidole vyake vikikimbia. Mimi, msomi mzima wa chuo kikuu, ndipo nilipoelewa nilichokiona utotoni kwetu Rumonge, kando ya ziwa.

Babu alipiga piano katika mabaa ya Bujumbura enzi za Wabelgiji, akarekodi santuri moja tu. Nyumbani ilifunika chungu cha mawese, nami niliamini ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Alipokuwa hoi kitandani aliomba kuisikia tena. Baba akaenda kijiji cha Gatete kuazima gramafoni.

"Shangazi, santuri iko na mafuta," nilisema.

"Mawese inatokaka na maji ya moto, mutoto wangu. Wewe hauoshake sufuria?"

Shangazi alipoitoa kwenye beseni la maji ya moto ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililokaushwa motoni. Chumba kilinuka sabuni na mawese. Baba aliiweka hivyo hivyo kwenye gramafoni. Sindano iliruka, ikakwaruza, ikanyamaza, tukabaki tukisikia mawimbi ya ziwa na shangazi akilia jikoni.

"Muiache," Babu alisema. "Murakoze," akashukuru kwa Kirundi.

Kisha vidole vyake vikaanza kutembea juu ya blanketi, vya kushoto polepole, vya kulia mbio, na midomo ikitabasamu kama mbele ya wageni. Nilidhani blanketi linamwasha. Vilipotulia nilifurahi, nikakimbilia jikoni kumwambia shangazi aache kulia, Babu amepata nafuu.