Erica Anakuja, Erica Anakwenda

Hebu mtazame Tumpe anavyoingia Tunduma. Viatu vina udongo mwekundu wa Mbozi, na pochi ameikumbatia kama aliyebeba mayai. Ndani mna flashi tu. Kwenye flashi kuna video ya zamani ya kwaya yao, na kwenye video hiyo yumo Erica, mdogo wake.

Erica aliolewa ng'ambo ya mpaka, huko Kasama. Mama yao alipofariki, Erica alikwama njiani, akafika kaburi limeshafukiwa. Tumpe, uchungu umemjaa, akasema mbele ya waombolezaji wote, "Mpeni mgeni chai." Mgeni! Katika nyumba aliyozaliwa! Erica hakuigusa chai ile. Kulipokucha aliondoka, na tangu hapo meseji za dada yake anazisoma, hajibu. Tumpe ameomba radhi mpaka maneno yamemwishia. Ndiyo maana amekuja kwa Judith.

Judith ana kibanda karibu na mpaka. Mpelekee video yoyote uliyonayo, atakata kipande kifupi akifanye kiende mbele, kirudi nyuma, bila kukoma. Wenye maduka wanavipenda: maharage yanatoka debeni yanamwagika guniani, mara yanaruka tena debeni.

Judith akachomeka flashi, wakatazama pamoja. Kwaya nzima inayumba kulia. Erica peke yake anakuja kushoto. Akamgonga Tumpe nyonga, puu! Dada na mdogo wakaangua kicheko pale pale kwenye video.

"Mama, huyu alikuwa anaimba au anacheza mpira?" Judith akauliza.

"Mwache bwana! Miguu yake haijawahi kumsikia mwalimu."

"Basi hapa ndipo penyewe."

Judith akakata. Sasa Erica anakuja, anagonga, anacheka. Anarudi kinyumenyume, anakuja tena. Tumpe alicheka mpaka akashika meza. Alikumbuka njia ya kutoka mazoezini, giza linaingia, Erica ameshika pindo la kitenge cha dada yake akiogopa mbwa wa watu. Kicheko kikamkauka.

"Mwanangu, hapo anapoondoka paondoe. Nataka awe anakuja tu."

"Ataruka kama panzi, mama. Na huko kuondoka ni kule kule kuja kwake, nimeigeuza video tu. Asipokwenda, atarudije?"

Tumpe akageukia mlangoni. Nje wachuuzi walikuwa wakitaniana, huyu kwa Kibemba, yule kwa Kiswahili, na wakaelewana. Yeye na mdogo wake lugha ni moja.

"Haya, tuma hivyo hivyo," akasema, akimpa Judith simu yake.

"Tuandike nini chini yake?"

"Usiandike kitu. Mimi nilishasema ya kutosha."

Ikaenda. Haikupita muda, alama zikawa za bluu: Erica ameifungua. Tumpe hakuinuka kitini. Kule Kasama Erica alikuwa akijitazama: anamjia dada yake, anaondoka kwake, anamjia, anaondoka. Hakuna sauti, hakuna neno.

Nawe msomaji, kama simu ile ya Erica ingekuwa mkononi mwako, ungeona unaitwa nyumbani, au ungeona unafukuzwa tena?