Siku Tatu za Saa ya Askari

Baba yangu alikuwa na ugumu mmoja uliotuchosha sote: hakurudisha saa ya mtu kabla haijatembea siku tatu dukani kwetu. Desturi hiyo aliirithi kwa babu, ambaye alifundishwa kazi na Mswisi mmoja zamani za ukoloni. Saa nyingi tulizotengeneza pale Butembo zilikuwa za Uswisi, zile za kutiwa ufunguo kila asubuhi.

Nieleze kidogo, maana hata wateja wangu wa leo hulalamika. Saa iliyotoka kusafishwa hutembea vizuri siku ya kwanza hata kama bado ina ugonjwa. Ni baada ya kutiwa ufunguo mara mbili tatu ndipo huanza kuchelewa. Kwa hiyo unaitundika, unailaza chali, unailaza kifudifudi, na unangoja. Si vigumu. Yeyote mwenye subira anaweza kujifunza.

Lakini subira ina mahali pake. Vita vilipokaribia mji, tulifunga duka tukaanza kutembea kwenda Beni, baba akiwa na mfuko wa saa za wateja, zaidi ya thelathini. Katikati ya njia kulikuwa na kizuizi. Askari aliyekisimamia akaufungua mfuko.

“Masaa yote haya, muzee, uko na mikono ngapi?”

“Iko ya batu, shefu. Naitengeneza tu.”

Askari akavua saa yake, iliyokuwa imesimama. “Basi tengeneza hii. Ikitembea, munapita na hii sakoshi yenu ya masaa. Ikikataa, sakoshi inabakia hapa.”

Baba akaketi juu ya jiwe, akatandaza leso, akaifungua. Kabla ya adhuhuri ilikuwa inatembea. Mama akajitwika mzigo wake. Askari akanyoosha mkono.

“Bado, shefu,” baba akasema. “Inalala siku tatu kwanza.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama alishusha mzigo polepole.

“Baba ya batoto, uko na akili? Mupatie saa yake tuende!”

“Ikisimama kesho atasema nilimudanganya.”

“Kesho tutakuwa Beni!”

“Ndiyo maana,” baba akajibu, kana kwamba amemaliza hoja.

Askari alicheka hadi bunduki ikamteleza begani. “Muzee, unaniambia mambo ya siku tatu mimi?”

“Hata bapadri banangoja saa zabo siku tatu, shefu.”

“Eh bien, basi na weye utangoja. Na mama, na batoto.”

Tukalala siku tatu katika kibanda kisicho na mlango, huku majirani zetu wa Butembo wakitupita na magodoro vichwani, wakituuliza tunangoja nini. Jibu la kweli lilikuwa la aibu. Mama alimpikia baba mihogo, akamwekea sahani na kumgeuzia mgongo. Mimi nilihesabu saa za mfuko kila asubuhi, nikiogopa kwamba askari wa zamu nyingine hatajua makubaliano yetu.

Asubuhi ya nne baba aliilinganisha ile saa na yake mwenyewe, akakunja uso.

“Inachelewa dakika mbili kwa siku.” Akatoa bisibisi. “Siku moja tena.”

Mama alimpokonya saa. “Huyu mutu anasimamisha batu njiani siku nzima! Dakika mbili zitamufanyia nini?” Akaenda moja kwa moja kwa yule askari, akamfunga saa mkononi mwenyewe, kama mtu anayemvisha mtoto. Askari aliiweka sikioni, akasikiliza, akainua mti wa kizuizi.

Tukapita na mfuko wote. Tulipofika kwenye kona, nikiwa nimeanza kupumua, baba akageuka na kupiga kelele:

“Shefu! Kila asubuhi usongeshe mbele dakika mbili! Na ukifika Butembo, uilete!”

Mama alimshika koti akamvuta, na hakuliachilia mpaka tukaingia Beni.