Alistidia na Meli ya Ndizi

Alistidia wa Ijuganyondo hakuwahi kumuuliza muuzaji kama mali yake ni nzuri. Kila muuzaji mali yake ni nzuri. Yeye aliwatafuta walionunua jana, hasa wale waliopata hasara, kwa kuwa mwenye hasara hasahau. Akili hiyo aliipata wakati wa vita vya Amin, alipokuwa msichana wa kijiji cha Ijumbi mwenye sufuria moja, akiwauzia askari ndizi za kuchemsha kando ya barabara. Vita vilipokwisha alikuwa na sufuria nne na mume.

Mume, Lameki, alikuwa dereva wa lori. Alivuka mpaka kwenda Uganda na kurudi na sabuni, na mashati, na mwishowe na ule ugonjwa ambao mwanzoni watu wa Bukoba waliuita Juliana, kwa jina la mashati yenyewe. Akafa mwezi wa nne mwaka 1989, akazikwa kibanjani, shamba la nyumbani kwake, kati ya migomba.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Ndyamukama, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesema.

"Mrithi ni Kagaruki. Bado mdogo, kwa hiyo mama yake atakaa naye hapa na kumlindia. Lakini tusikilizane vizuri. Siku ukoo ukiita, mrithi awepo na mama yake awepo. Wasipokuwepo hawana neno, na mafiga yao yatawashwa na mtu mwingine."

Hakuna aliyebisha, maana ndivyo ilivyokuwa kwao siku zote. Alistidia naye hakubisha. Alielewa hesabu yake ilivyokaa: nyumba, migomba, kahawa ya nyuma, vyote vilikuwa mikononi mwake kwa sababu tu ya mtoto wa miaka sita anayejikojolea. Na alielewa jambo la pili ambalo hakumwambia mtu. Kama Lameki alikuwa na Juliana, huenda naye alikuwa nayo. Hakwenda kupima; dawa haikuwepo, sasa majibu angeyafanyia nini? Alichotaka ni kwamba siku yake ikifika, watoto wake, Penina na Kagaruki, wawe na mahali pa kusimama ambapo hakuna wa kuwaambia ondokeni.

Kwa hiyo miezi minane hakutoka. Hata sokoni alikwenda asubuhi na kurudi mchana, kama kuku aliyefungwa mguu. Watoto nao walifungwa kwa namna yao. Penina, wa miaka tisa, akikaribia watoto wa jirani wanacheza rede, mama zao waliwaita ndani mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Waliitwa tu: njoo ule, njoo ulale, njoo ushike mtoto.

"Mama," Penina aliuliza siku moja, "kwani kwao wanakula mara ngapi?"

Swali hilo lilimwingia Alistidia kuliko kilio. Mdogo wake, Celina, alikuwa ameolewa Mwanza, na kila barua yake iliishia na maneno yaleyale: dada, lete watoto likizo. Shule zilipofunga mwezi wa kumi na mbili, Alistidia alikwenda kwa Ndyamukama kuaga.

"Likizo?" Ndyamukama alicheka mpaka akaweka chini kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. "Siku hizi hata wajane wana likizo?"

"Likizo ni ya watoto, shemeji."

"Nenda, waitu. Nani amekufunga kamba? Ila tarehe ishirini na tatu ukoo unakaa. Watu wote watakuwa wamerudi kwa Krismasi. Uwepo, na mrithi awepo."

"Nitakuwa nimefika tarehe ishirini."

"Meli hazisomi kalenda yako, Ma Kagaruki."

Hapo ndipo kazi ya kuchagua meli ilipoanza, na Alistidia aliifanya kama anavyochagua gunia la kahawa: kwa kutia mkono mpaka chini.

Kulikuwa na meli kubwa ya abiria, inayotoka bandari ya Bukoba jioni na kuamkia Mwanza. Hiyo kila mtu aliisifu. Ina mabenchi, ina choo, ina mtu anayeuza chai. Lakini ilikuwa na ngazi nyingi na kingo zenye nafasi za kupita mtoto, na Kagaruki hajawahi kuona ngazi asiipande. Tena daraja la tatu likijaa, mama mwenye watoto wawili na mizigo husimama kwa mguu mmoja.

Kulikuwa na mitumbwi ya mashine ya wavuvi, inayoruka kutoka kisiwa hadi kisiwa pwani ya Muleba. Hiyo hakuifikiria mara mbili.

Na kulikuwa na meli ndogo ya mizigo inayotoka Kemondo. Watu waliiita meli ya ndizi. Haikuwa na benchi wala chai. Alistidia akaenda sokoni kwa Skolastika, mwanamke aliyepeleka mikungu Mwanza mara kwa mara na ambaye alikuwa na hasara nyingi za kusimulia.

"Hiyo ya Kemondo imewahi kukuchelewesha?" aliuliza.

"Ile? Ithubutu!" Skolastika alisema. "Ikichelewa siku mbili, ndizi zinaiva juu ya maji, na sisi kumi na wawili tunamsubiri nahodha bandarini na mapanga. Mwaka jana alichelewa siku moja, akatoroka kwa mlango wa nyuma. Tangu hapo anakwenda kama anafukuzwa."

Alistidia hakuhitaji zaidi. Meli inayoogopa wanawake kumi na wawili ndiyo meli ya kukabidhiwa mtu na watoto wake. Siku mbili baadaye alikuwa Kemondo mbele ya karani wa mizigo, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni.

"Mama, hii haichukui watoto."

"Inachukua nini?"

"Mizigo."

"Basi andika mizigo. Huyu kilo ishirini na tano, huyu kumi na nane. Hawavuji."

Wapakiaji wakacheka. Karani akajitahidi asicheke.

"Na huyo mdogo akitumbukia?"

Alistidia akatoa kamba ya katani kwenye kikapu, akamfunga Kagaruki kiunoni na kufunga ncha ya pili kwenye mkono wake mwenyewe. "Akitumbukia, tumekwenda wawili. Utapungukiwa na watu wa kukusumbua."

Alipewa nafasi nyuma ya chumba cha usukani, katikati ya mikungu, ambako upepo haukufika. Penina alitapika mara mbili kisha akalala. Meli ilifika Mwanza saa ileile iliyosemwa, na Alistidia akajipongeza kimoyomoyo kwa kuwa na kichwa kizuri.

Huko Mwanza watoto waliishi. Hilo ndilo neno. Watoto wa Celina hawakujua habari za Juliana wala za mtu aliyezikwa kwenye migomba. Siku ya kwanza walimpiga Penina kwa mpira, siku ya pili wakamnyang'anya zamu yake ya kamba, siku ya tatu akawapiga yeye. Kagaruki alipanda kila jiwe la mtaa ule, na Mwanza mawe hayaishi. Alistidia alikaa mlangoni akimenya viazi, akawatazama, na kwa wiki moja hakuhesabu kitu.

Tarehe kumi na nane alikwenda bandarini kuuliza meli ya ndizi inarudi lini.

"Ikijaa," alijibiwa.

"Ikijaa nini?"

"Saruji. Na mabati. Tajiri mwenye mali anasubiri mabehewa kutoka Dar es Salaam. Labda wiki hii, labda baada ya sikukuu."

Alistidia alisimama pale na kikapu chake. Miaka kumi na zaidi alikuwa amepeleka vitu na kuviuza. Hajawahi kusafirisha kitu kurudi. Kila kitu alichouliza kuhusu meli ile alikiuliza kwa watu wa ndizi, na watu wa ndizi wanajua safari ya kwenda tu. Kurudi, ndizi hazipo. Saruji haiivi, na hakuna wanawake kumi na wawili wanaoisubiri na mapanga.

Akaenda mbio kwenye meli kubwa. Hapo alikuta Wahaya wote wa Mwanza, na wa Shinyanga, na wa Dar es Salaam, wamejipanga na magodoro, na redio, na mbuzi, wanakwenda nyumbani kwa Krismasi. Tiketi zilikuwa zimekwisha hadi tarehe ishirini na nne. Alijaribu kila mlango aliojua kuujaribu. Alimbembeleza karani, alimbembeleza mke wa karani, alimwambia mzee mmoja wa Kilutheri kwamba mrithi wa kibanja atapokonywa. Mzee alimsikitikia sana na hakumwachia nafasi yake.

Tarehe ishirini na moja akashuka mwaloni, kwenye soko la samaki, kumtafuta mwenye mtumbwi. Alimpata Mayunga, Msukuma mpole mwenye mtumbwi wa mashine uliopeleka unga visiwani na kurudi na dagaa.

"Kesho alfajiri natoka," Mayunga alisema. "Nalala kisiwani, kesho kutwa asubuhi nakushusha pwani ya Muleba. Ukipata lori, mchana uko Bukoba."

"Mwaka huu umepoteza nini?"

Mayunga alimtazama vizuri. Wateja hawakuwa na kawaida ya kuuliza hivyo.

"Mwezi uliopita, magunia saba."

"Na watu?"

"Mama, si uulize bei tu?"

"Watu wangapi, baba?"

"Wawili," alisema Mayunga, akageuka kukunja nyavu. "Upepo wa mwezi huu haubishi hodi. Wewe mtu mzima nakuchukua. Hao watoto, kusema kweli, ningekuwa mimi nisingewapandisha."

Celina, aliyekuwa amemsindikiza, akadakia papo hapo. "Umesikia, dada? Waache kwangu. Nenda peke yako ukasimamie kibanja."

"Nikisimamie kama nani? Bila Kagaruki mimi ni mgeni pale. Hata kiti hawanipi."

"Basi mchukue Kagaruki, uniachie Penina."

Alistidia alitazama ule mtumbwi, ubao wa pembeni uliozibwa kwa kipande cha bati, na kopo la kuchotea maji lililokuwa limechakaa kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Kopo lilimwambia yote. Kibanja alikitaka kwa ajili ya watoto. Mtoto akizama, atakuwa amekwenda kuzika udongo.

"Mayunga, asante kwa kusema kweli," alisema. "Ungenidanganya, ningepanda."

Tarehe ishirini na tatu alikuwa Mwanza, amekaa mlangoni kwa Celina, anamenya viazi. Alijua saa ambayo ukoo ulikaa, na alijua nani alisema nini. Hakulia. Alimkata Kagaruki kucha, mikono yote na miguu yote, na mtoto akalalamika kwamba anamfinya.

Walifika Bukoba tarehe ishirini na sita kwa meli kubwa, wamekaa daraja la tatu, mabenchi matupu kulia na kushoto. Walipopanda kilima cha Ijuganyondo, moshi ulikuwa unatoka nyumbani kwao.

Mke wa Ndyamukama, Kokushubila, alikuwa jikoni. Kitasa cha mlango kilikuwa na mikwaruzo ya waya uliokifungua. Sufuria za Alistidia zilikuwa zimepangwa nje ukutani, safi. Kwenye mafiga ilichemka sufuria nyingine.

"Karibuni," Kokushubila alisema, bila kuwatazama usoni. "Mmesafiri salama?"

"Salama, waitu."

Ndyamukama alitoka chumbani akiwa amevaa kandambili, kama mtu aliyelala pale siku nyingi. "Nilikuambia kuhusu meli na kalenda. Ukoo ulikaa, ukaita, hakuna aliyeitika. Kibanja nitakitunza mimi. Kagaruki atakaa kwangu hadi awe mkubwa. Msichana nenda naye unapotaka."

Penina alisogea nyuma ya mama yake. Alistidia hakuketi kwenye kiti. Aliketi chini, kando ya mafiga, akamweka Kagaruki mapajani, akanyoosha miguu mpaka mlango ukawa haupitiki.

"Nimechoka na safari, shemeji. Nitapumzika hapa."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Majirani wako nyumbani kwa sikukuu. Watakuja kunisalimia, wanikute nimekaa chini na mrithi mapajani. Mchungaji naye atapita. Nawe utawaeleza vizuri, una maneno."

Kokushubila akakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

"Unataka nini?" Ndyamukama aliuliza mwishowe.

Alistidia alikuwa amelifikiria hilo tangu mwaloni. Kibanja kilikuwa kimekwenda. Mali iliyokwenda haipandishwi bei. Kilichobaki kuuzwa kilikuwa kuondoka kwake kwa amani, na mnunuzi alikuwa mmoja tu.

"Kagaruki sikupi. Mwandikie karatasi kwamba anakaa na mimi, na kwamba akifika miaka ishirini kibanja ni chake. Shahidi awe mzee wa kanisa. Ukiandika leo, leo naondoka."

"Nikikataa?"

"Basi Ma-mkubwa aongeze ndizi kwenye hiyo sufuria. Tuko watatu."

Ndyamukama alimtazama yule mtoto aliyekuwa ananing'iniza kamasi, mtoto ambaye watu waliogopa kula naye sahani moja. Mdomo wa ziada, na labda ugonjwa. Miaka ishirini ni mbali, na karatasi huliwa na mchwa. Alistidia aliyasoma yote hayo usoni mwake na hakuyapinga. Karatasi dhaifu ilikuwa afadhali kuliko hakuna.

Mzee wa kanisa aliitwa. Ziliandikwa karatasi mbili, wakatia sahihi, Kokushubila dole gumba. Alistidia alikunja yake akaitia kifuani, akabeba sufuria zake nne kichwani, akawatanguliza watoto. Alipofika mlangoni alivuta ubao, akatia ufunguo, akazungusha, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi.

"Ma Kagaruki!" sauti ya Kokushubila ilitoka ndani. "Ma Kagaruki, waitu, umetufungia!"

Alistidia akasimama. Penina aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Mama yake akageuka, akafungua, akauchomoa ufunguo kwenye uzi aliouvaa shingoni tangu Lameki afe, akamwekea Kokushubila kiganjani.

"Unabana kidogo mvua ikinyesha," alimwambia. "Uinue mlango ndipo uzungushe."