Nililipindisha Neno la Kigiriki Ili Nisibebe Maji

Nimekosa, jamani, na nimekosa kwa makusudi! Msinitafutie visingizio, vyote nilishavitafuta mwenyewe na havikutosha.

Mimi ni shemasi katika kanisa moja hapa Tunduma. Jina langu liacheni, wanaonijua wameshanicheka vya kutosha. Kwetu mashemasi tuna kazi ya kila Jumamosi, kuwapelekea maji wajane, maana maji ya mji huu ni ya kuvizia. Mimi nilipangiwa Bibi Nakamba (hilo si jina lake) wa kule Chapwa, ambaye watoto wake wote wamehamia Zambia. Madumu manne kwenye baiskeli, kilima chote nasukuma!

Sasa mimi nauza viatu vya mtumba karibu na mpaka, na nilikuwa nimeshonesha kaunda suti mpya. Jumamosi moja mteja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akanikuta kilimani, jasho linanitiririka.

"Awe, mune! La, rafiki yangu!" akapaza sauti. "Shemasi, siku hizi unauza maji?"

Barabara nzima ikacheka. Niliona aibu mimi, hadi masikio yakawaka.

Jumapili iliyofuata mchungaji alikuwa safarini Ileje, zamu ya kuhubiri ikawa yangu. Ninacho kitabu chenye maana za maneno ya Kigiriki ya Agano Jipya. Nikalitafuta neno diakonos, ambalo ndilo shemasi wetu. Nikakuta: mtumishi, mtu wa kutumwa, anayehudumia watu mezani. Nikakifunga kitabu haraka kana kwamba kimenitukana.

Halafu, Mungu anisamehe, nikasimama madhabahuni na suti yangu.

"Wapendwa, kwa Kigiriki diakonos ni msaidizi wa mfalme! Ni mtu wa kuagiza, si wa kuagizwa!"

Amina zilizopigwa siku ile! Mashemasi wenzangu ndio walizidi. Bibi Nakamba alikuwa benchi la mbele, ananitazama tu.

Jumamosi yake hakuna dumu lililotoka. Iliyofuata vilevile. Nikajiambia wajane wana majirani, nikalala usingizi mzuri kabisa. Ndivyo nilivyokuwa!

Jumapili ya tatu benchi la mbele lilikuwa na pengo. Mchungaji alikuwa amerudi, akaniambia, "Shemasi, yule bibi ni wako. Kamwone."

Nikamkuta amekaa mlangoni, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Kabla sijauliza lolote akaingia ndani, akatoka na jagi na beseni, akaninawisha mikono, kama mgeni anavyonawishwa kwetu kabla ya maongezi. Alimimina kwa mkono mmoja. Maji yakaisha povu la sabuni likiwa bado mikononi mwangu, na hakuingia kuongeza.

"Bibi, mengine yako wapi?"

"Ndiyo hayo."

Kumbe alikuwa ameteleza na ndoo akitoka kisimani. Na kanisani haji kwa sababu hana maji ya kufulia vitenge vyake, na hawezi kwenda mbele za Mungu akiwa mchafu. Nililia, jamani. Mtu mzima, na povu mikononi!

"Bibi, nilidanganya juu ya lile neno."

"Najua."

"Unajua?"

"Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti, Kigiriki alikisoma kidogo chuoni. Neno hilo alilipenda sana. Aliniambia wale watumishi wa harusi ya Kana, waliojaza mabalasi maji, kwa Kigiriki wameitwa kwa neno hilohilo. Wabeba maji, baba."

"Sasa mbona hukuniumbua siku ile?"

Akanitazama toka kola hadi viatu. "Suti ilikuwa mpya. Nikasema acha kwanza aivaevae."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote, hata habari ya kukifunga kitabu. Safari hii mashemasi wenzangu hawakupiga amina hata moja. Lakini Jumamosi madumu yalitoka, na la kwanza lilikuwa langu. Ule mkono wa bibi unapona polepole, na kila nikiuona moyo unaniuma. Kwa umri wake, ungeweza kuwa mguu, ungeweza kuwa shingo. Ningemwambia nini Mungu?

Ndugu yangu unayepewa kipaza sauti, nisikilize! Neno usilolijua, sema hujui, hakuna atakayekufa. Lakini ukilijua na likakuuma, usilichonge likutoshe wewe. Kuna bibi mahali atateleza kwa ajili yako.

Niishie hapa, leo ni Jumamosi na niko uani kwake. Mteja wangu wa Nakonde amepita akacheka tena, mwache acheke. Bibi naye ananiita kwa sauti, majirani wote wasikie:

"Msaidizi wa mfalme! Pipa la nyuma bado!"